Chui wa Dirisha la Pili

Bibiane hakumwalika mama yake mpakani. Hilo lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu baadaye watu wa mtaa wa Kikula walisema mengi, na wengi wa waliosema hawajawahi kuvuka hata reli. Alimuaga mama yake asubuhi, kwa sauti ya kupitisha tu, kama mtu anayekwenda kununua mkaa: "Maman, ninaenda mupaka. Kesho kutwa niko hapa." Alipotoka nje na begi lake, Maman Madeleine alikuwa ameshaketi kiti cha mbele cha teksi, amevaa kile kitenge cha akina mama wa parokia chenye Bikira Maria mgongoni, mkoba magotini, mkanda umefungwa.

"Maman, unaenda wapi?"

"Kule weye unaenda."

"Lakini banaita minye. Weye hawakukuita."

"Nani anaenda kuomba fasi ku nyumba ya bantu peke yake? Weye uko yatima?" Maman Madeleine akamgeukia dereva. "Papa, washa motokari."

Basi wakaenda wawili. Ungefanya nini wewe? Mama wa miaka sabini na ushei aliyekwisha funga mkanda hatolewi garini.

Sasa, habari za Bibiane ni hizi. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa kwenye shule moja ya Panda, hapa hapa Likasi, kwa zaidi ya miaka kumi. Serikali ya Kongo, ambayo ndiyo hulipa walimu, haikuwa imepata habari. Siyo kwamba hakuiambia. Alipeleka vyeti vyake Lubumbashi, vikapotea. Akapeleka nakala, zikaenda kuvitafuta vile vya kwanza na zenyewe hazikurudi. Wazazi wa watoto walimpa walichoweza, mara unga, mara ahadi. Ahadi ndizo zilizokuja kwa wakati.

Kisha shule moja ya ng'ambo, upande wa Zambia, ikawa inatafuta mwalimu wa Kifaransa ambaye Kifaransa hakukipata kitabuni tu. Walimsikiliza kwa simu, wakampenda. Wakamwombea kibali cha kazi. Kilichobaki ni mwombaji mwenyewe kufika mpakani, kuulizwa maswali, kuchukuliwa alama za vidole, na afisa kutia sahihi kwamba kweli amemwona. Muhula ulikuwa mlangoni. Kibali kikitoka kabla ya muhula, Bibiane ni mwalimu, ana mshahara na ana jina. Kisipotoka, shule ina mtu mwingine anayesubiri, na Bibiane atabaki mtu anayewasemesha watoto Kifaransa kila asubuhi bila aliyemtuma.

Njia nzima Bibiane alikariri majibu kimoyomoyo. Maman Madeleine alikula karanga na kusalimia abiria.

Mpakani waliwakuta wenzao wengi: malori ya shaba yamejipanga mpaka macho yanachoka, madereva wanapika ugali chini ya matela, na ndani ya ofisi ya upande wa pili foleni ya watu na bahasha zao. Bibiane alielekezwa dirisha la pili. Nyuma ya kioo alikaa afisa mwembamba, shingo ndefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likawa na makali, na uso usiotoa habari yoyote. Kifuani beji: Chilufya. Alizungumza Kiswahili cha madereva, kile kinachovuka bila pasipoti.

"Jina la mama?"

Kabla Bibiane hajafungua mdomo, sauti ilitoka kwenye benchi: "Madeleine! Niko hapa! Uliza minye mwenyewe!"

Afisa akainua macho. "Huyu ni nani?"

"Ni mama yangu," akasema Bibiane, na aibu ikamshika masikio. "Amenisindikiza."

Maman Madeleine alikuwa ameshafika dirishani. Aliweka viwiko juu ya meza, akaisoma beji, akamsoma na mwenye beji, juu mpaka chini, bila haraka. Kisha akaacha Kiswahili akamsemesha Kilamba, lugha ya mama yake. Walamba wako pande zote mbili; wao walikuwapo kwanza, mpaka ulikuja kuwakuta. Yule afisa akamjibu kwa lugha ileile, na Bibiane, aliyezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni, akaambulia neno moja moja. Alisikia mama yake anauliza ukoo. Akambana mkono, taratibu, chini ya meza.

Bwana Chilufya aliweka kalamu chini. "Chui," akasema, kwa Kiswahili, ili foleni yote isikie.

Maman Madeleine alipiga makofi mara moja, pa! Watu wakageuka.

"Yesu na Maria! Chui! Bantu, muangalie! Banaweka chui mu nyumba ya serikali, tena banamupa kalamu! Njo maana shingo iko nyembamba vile. Sisi ba Mbuzi tulikataa kukamatwa, muangalie ile njaa!"

Bibiane akamvuta kitenge.

Afisa hakucheka. Hata nyusi hazikutikisika. "Kumbe ni mbuzi," akasema. "Harufu niliisikia tangu asubuhi, nikafikiri ni lori."

"Harufu ya chakula! Inakutoa mate!"

"Mbuzi wawili wanataka kuvuka mpaka, na cheti cha daktari wa mifugo hawana." Kisha, kwa uso uleule, sauti ileile, akamgeukia Bibiane. "Mtandao umelala. Alama za vidole hazipiti leo. Rudi Alhamisi ijayo. Na usirudi mikono mitupu. Mbuzi haingii kwa chui bila kuku. Leta kuku, jogoo. Bila jogoo, kibali hakuna."

"Kuku?" akauliza Bibiane.

"Na huyu mama mwache hapa hapa. Nitamuoa. Kwangu hakuna wa kusugua sufuria."

Maman Madeleine alishika nondo za dirisha asianguke kwa kicheko. "Weye! Meno yako haitoshi!" Machozi yalimtoka. Foleni nzima ilicheka, madereva, wachuuzi, hata askari wa mlangoni, kwa sababu foleni nzima ilielewa. Mbuzi na Chui ni watani. Toka mababu, wakikutana lazima watukanane, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Mtani akikudai jogoo anakusalimu. Na salamu hiyo isipotolewa kwa uso mkavu, si utani wa kweli. Mtu mmoja tu pale hakuyajua hayo, naye ni Bibiane, mwenye faili.

Kwenye basi la kurudi Bibiane alisubiri mpaka wakapata siti.

"Umemutukana chef wa mupaka, maman. Mbele ya bantu. Njo maana amenikatalia."

"Amekukatalia wapi?"

"Anaomba matabishi, rushwa! Anaomba kuku juu ya kazi ya serikali! Na anasema atakuoa, na weye unacheka!"

Maman Madeleine alimtazama binti yake muda mrefu, kama anayetazama sufuria aliyoiacha jikoni ikiwa nzima akaikuta na tundu. "Bibi, weye hujui..."

"Nyamaza, maman. Tafadhali. Wee nyamaza tu."

Dereva alipunguza redio ili asikie vizuri. Mtu haambii mama yake anyamaze, si kwetu, tena mbele ya watu waliolipa nauli. Maman Madeleine alifunga mdomo. Kutoka hapo mpaka Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, hakusema hata jina la mto.

Na nyumbani aliendelea hivyo hivyo. Mengine yote aliyasema: bei ya mihogo, padri mpya, mguu wake. La mpakani hakuligusa. Aliambiwa anyamaze, akanyamaza; huyo ndiye Maman Madeleine. Ila Jumanne alikwenda soko la Kikula, akarudi na jogoo mwekundu, akamfunga mguu kwenye mpera nyuma ya nyumba na kumwekea maji.

Bibiane alimwona jogoo, na jogoo akamwona. Akaelewa, au alidhani ameelewa: mama yangu ameamua nitoe rushwa. Sasa huyu Bibiane, mbali na Kifaransa, ndiye aliyefundisha somo la uraia kila Ijumaa. Watoto wa Panda walikuwa wameandika kwa imla yake kwamba mtoaji na mpokeaji ni wezi wawili wa gunia moja. Alikasirika. Na tusimfiche: ndani ya hasira mlikuwa na utamu kidogo, ule utamu wa mtu aliyeonewa miaka mingi na leo, hatimaye, ana haki na ushahidi. Alhamisi alitoka peke yake kwa gari la kwanza. Jogoo mwenyewe alikuwa bado amelala.

Mpakani, ukutani, palikuwa na tangazo kubwa: afisa akikuomba chochote, toa taarifa, mlango wa mwisho. Bibiane alipita dirisha la pili bila kugeuza shingo, akaenda mlango wa mwisho.

Mkuu wa ofisi alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani imepandishwa kwenye nywele, kikombe cha chai kimefunikwa kwa kisahani. Alitoka mbali, magharibi kabisa ya nchi yao. Walizungumza kwa Kiingereza cha Bibiane, ambacho kilikuwa kidogo lakini kimepangwa.

"Aliomba nini?"

"Kuku."

"Mzima au wa kuchinjwa?"

"Hakufafanua. Alisema jogoo."

Mkuu akaandika. "Na kitu kingine?"

"Alisema atamuoa mama yangu."

"Mama ana umri gani?"

"Sabini na kitu."

Mkuu akashusha miwani kutoka kwenye nywele, akaivaa. "Alitaja siku ya harusi?"

"Hapana, madame."

"Kuna mashahidi?"

"Foleni nzima."

"Nao walifanya nini?"

"Walicheka."

Kalamu ilisimama. Mkuu alimtazama Bibiane kana kwamba ana swali, na swali lenyewe lilifika mpaka midomoni. Kisha simu ikalia, akaipokea, na alipoiweka chini aliendelea kuandika pale alipoachia. Bibiane akatia sahihi. Alichukuliwa alama za vidole na binti wa dirisha la kwanza, maana mtandao siku hiyo ulikuwa macho, na kabla chai ya mkuu haijapoa kibali kilikuwa mezani, kimegongwa mhuri. Ofisi, akaambiwa, inaomba radhi.

Alisimama ukumbini akakisoma. Picha yake ilikuwapo. Jina lake lilikuwapo, lote. Mbele ya neno kazi paliandikwa mwalimu. Alisoma tena. Nchi ya watu ilikuwa imesema, kwa mhuri, neno ambalo nchi yake ilishindwa kulisema miaka yote hiyo.

Pale pale Bwana Chilufya akatokea kwenye mlango wa wafanyakazi. Beji haikuwapo kifuani. Mkononi alishika mfuko wa plastiki wenye kikombe, bakuli la chakula na taulo dogo. Alikuwa ameambiwa arudi nyumbani asubiri uchunguzi. Nani kamshitaki hakuambiwa. Alipomwona Bibiane, ule uso usiotoa habari ulifunguka kidogo.

"Mbuzi! Umekuja bila mama? Nani atanisema shingo leo?" Akasogeza mfuko mkono wa pili. "Mwambie chui kafukuzwa porini. Atafurahi."

Akatoka nje kwenye jua, katikati ya malori. Bibiane akajisemea: mtu hana haya huyu. Alijisemea hivyo mara kadhaa njiani, na kila mara neno lilipungua nguvu, kwa sababu mwomba rushwa aliyekamatwa hasalimii namna ile. Alipofika Likasi, jambo lilikuwa linamkwaruza ndani na hajui ni nini.

Hervé, mdogo wake, alikuwa amerudi kutoka Kamatanda, ambako alichimba madini na wenzake. Viatu vyake vya udongo vilikuwa kizingitini. Bibiane aliweka kibali mezani. Hervé alikisoma, akapiga kelele, akamnyanyua yaya wake, yaani dada mkubwa, juu.

"Yaya! Mwalimu wa kweli! Na mu karatasi!"

Maman Madeleine alitokea jikoni akifuta mikono. Alikitazama kibali, akakubali kwa kichwa. Kisha akauliza: "Na jogoo? Umeenda bila jogoo, chui akasema nini?"

"Hakuna mambo ya jogoo tena, maman. Nimesema kwa mukubwa wake. Bamemufukuza."

Hervé akaangua kicheko. Alidhani ni mzaha, na mzaha mzuri. "Yaya amemushitaki mutani! Ha! Nitaenda kubaambia ba Kamatanda, leo hawatachimba!" Kisha akauona uso wa mama yake. Kicheko kikafia mdomoni.

Maman Madeleine akavuta kiti, akakaa.

"Wakati mama yangu alikufa," akasema, "kule ku kijiji, sisi ba Mbuzi tulilia mpaka hatuwezi kusimama. Nani alichimba kaburi? Chui. Nani alibeba? Chui. Haikuwa ndugu, haikuwa majirani. Chui. Mumoja akaingia mu kaburi, akalala, akasema yeye hatoke, fasi iko baridi muzuri, bamutafutie mama fasi ingine. Akalala kabisa, anakoroma. Bantu bakaanza kucheka. Minye nikacheka, Bibi. Mama yangu iko pale mu blanketi, na minye ninacheka. Kama hawangekuwa bale, ningeingia naye mule ndani." Alinyoosha kitenge magotini. "Njo mutani ule. Anakutukana leo, juu siku ile ya machozi akuwe na ruhusa ya kukuchekesha. Na weye umemukasirikia na serikali muzima."

Bibiane naye akavuta kiti. "Juu ya nini hukuniambia?"

"Uliniambia ninyamaze."

Mawazoni Bibiane alimwona tena yule mtu na mfuko wake wa plastiki, anaomba atukanwe shingo.

Hervé ndiye aliyeleta akili ya kiume. "Yaya, sikia. Kibali unacho. Muhula unaanza. Ingia kwanza kazini, kaa, uzoeleke. Kisha pole pole utaenda kuongea na ule mukubwa."

"Na yeye?"

"Yeye atangoja."

"Iko na batoto?"

"Minye nitajua namna gani? Kila mutu iko na batoto."

Usiogope kumhukumu Bibiane, yeye mwenyewe alijihukumu. Lakini siku tatu aliufikiria ushauri ule kwa dhati. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Alikiweka kibali kabatini, akakitoa, akakirudisha. Jumapili kanisani padri alihubiri habari ya samaki, na Bibiane hakusikia hata samaki mmoja. Mama yake hakumhimiza wala hakumnunia. Alimpakulia chakula kama kawaida, na hilo ndilo lililouma.

Jumatatu asubuhi alisema: "Maman, vaa."

Maman Madeleine alikuwa amevaa. Walimchukua na jogoo.

Mkuu wa ofisi aliwasikiliza mpaka mwisho. Mbele yake wote watatu: Bibiane, Maman Madeleine, na jogoo kwapani, macho yamemtoka.

"Huyo," mkuu akasema, akionyesha kwa kidevu, "hajaingia ofisini humu. Mimi sijamwona."

"Ndiyo, madame."

"Kwa hiyo Chilufya alikuwa anatania."

"Ni mtani wetu. Mimi sikujua. Nilikosa."

"Utani naujua. Hata kwetu kuna watu wananiita mwizi wa ng'ombe kila nikienda likizo, na nisipoitwa nasononeka. Siku ile nilitaka kukuuliza." Akavua miwani, akasugua macho. "Lakini wewe ulisema kuku, hukusema ukoo. Na nikishaandika kuku, sheria haina mahali pa ukoo. Sasa ni hivi, mwalimu. Maneno yako yakibaki, Chilufya anapoteza kazi. Ukiyaondoa, basi ulitoa taarifa isiyo ya kweli ndani ya ofisi hii, na kibali kilitoka siku hiyo hiyo kwa nguvu ya taarifa hiyo. Kinafutwa. Utaomba upya baada ya mwaka."

"Shule haitangoja mwaka."

"Haitangoja."

"Hakuna njia ya tatu?"

"Ingekuwapo ningeshakupa, nikarudi kwenye chai yangu."

Bibiane akamfasiria mama yake. Alifasiri yote, sentensi kwa sentensi, kama anavyofundisha, na sauti ikamkatika kwenye neno mwaka. Maman Madeleine alimbadilisha jogoo kwapa.

"Bibi," akasema polepole, "usifanye juu yangu. Minye nitazikwa tu. Mapadri bako, Hervé iko. Hii kazi ni ya kwako. Ukiichukua, sitakusema. Hata siku moja."

Kama angemlazimisha, pengine Bibiane angekataa. Angalau angepata mtu wa kumlaumu. Alikaa, mikono mapajani, akiwaza darasa ambalo hajaliona, madirisha yake na mshahara wake. Kisha akaomba kalamu.

Waliambiwa wakangoje, maana kibali hufutwa dirishani, na afisa wa dirisha la pili ameitwa kwa simu. Alikuja saa za mchana, shati lina makali yale yale, akaingia kwa mkuu, akakaa huko kitambo. Alipotoka, beji ilikuwa kifuani. Akaketi mahali pake, akaondoa kikombe cha mtu aliyekuwa amemshikia zamu, akaita jina la Bibiane kwa sauti ya kazini.

Bibiane akapitisha kibali chini ya kioo. Bwana Chilufya alikisoma kama hajawahi kuona kibali. Alifika kwenye neno mwalimu, akabaki hapo.

"Ni wewe uliyenisema," akasema.

"Ni minye."

"Na ni wewe uliyekuja kuyaondoa."

"Ni minye."

Alichukua mhuri wa kufutia. Aliugandamiza kwenye wino, akauinua, na mkono ukabakia hewani. Kwenye foleni hakuna aliyejua kuna nini, lakini kila mtu aliona kuna kitu. Maman Madeleine, aliyekuwa na neno kwa kila kiumbe, alimbana jogoo kwapani tu. Yule mwanaume alikuwa anamhurumia Bibiane, wazi kabisa, macho yamemjaa, na Bibiane akaona hiyo huruma akaiogopa. Akigonga hivi, kwa huruma, basi kila wakikutana mmoja atakuwa mdeni na mwingine mdai, watasalimiana kwa adabu, na hapatakuwa tena na Mbuzi wala Chui. Bibiane atakuwa amepoteza kazi bure.

Maishani mwake hakuwa amewahi kumtukana mtu mzima. Ilibidi ameze mate kwanza.

"Piga basi," akasema. "Unangoja nini? Mbuzi amekuja mwenyewe mpaka mdomoni, na chui anamuogopa! Ao meno imeanguka yote? Ile shingo, kumbe ni njaa ya woga!"

Nyuma yake mtu alicheka, halafu wawili. Bwana Chilufya aliinamisha kichwa. Mhuri ulishuka kwa kishindo, juu ya jina, juu ya picha, juu ya mwalimu.

"Mifupa mitupu," akasema, na uso ulikuwa mkavu kabisa. "Miaka yote niko hapa, sijala mbuzi mgumu hivi."

Foleni ilipasuka kwa kicheko. Bibiane alicheka nao. Alicheka mpaka akashika nondo za dirisha, alicheka na machozi yakawa yanateremka yenyewe, mengi, kwa ajili ya darasa lile na madirisha yake, na hakuyafuta, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Mama yake, jogoo kwapani, alimshika kiuno kwa nyuma asianguke.

Bwana Chilufya akamrudishia karatasi yake chini ya kioo, akaita anayefuata.